Umbo Lililoning'inia Katubuka

Miaka ile wakimbizi kutoka Zaire walipovuka ziwa kwa maelfu, na kipindupindu kikawafuata, Asnath alikuwa mtaalamu wa maabara Kigoma mjini, mwenye shahada moja na kiherehere cha kutosha shahada tatu. Wenzake walihesabu wagonjwa. Yeye alitaka kujua protini ambayo kijidudu cha kipindupindu hujishikizia nayo tumboni ina umbo gani. Ukilijua umbo, alisema, utajua pa kuiziba.

Kompyuta ilikuwa moja, ya ofisi ya misaada, ikipanga mgao wa unga wiki nzima. Akapewa Jumapili. Akitoka kanisani alikaa nayo mpaka jioni, programu aliyoiandika mwenyewe ikiukunja mnyororo wa protini, na umeme ukikatika, anaanza upya. Miaka miwili hiyo, si mchezo! Kioo hakikuwa na rangi, kwa hiyo majibu aliyajenga nyumbani Katubuka kwa waya na vipande vya ndala kuukuu, vile wanavyokata maboya ya nyavu kwao Mwamgongo. Buluu ni viungo vya mnyororo vinavyopenda maji, hukaa nje; vyeupe huyakimbia maji, hujificha ndani.

Mwalimu Oswald, aliyemfundisha chuo kikuu, akaja kumtembelea. Alikula samaki wa migebuka sahani mbili, akalichora umbo lote daftarini, kipande kwa kipande, rangi kwa rangi.

"Nitakupelekea kwa wakubwa, mwanangu. Jina lako litasomwa Ulaya."

Asnath akamsindikiza hadi stesheni, na begi akambebea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baada ya mwaka jarida la sayansi likafika: umbo lile lile, na jina moja tu, la Oswald. Nafasi aliyoiomba, ya kuruka moja kwa moja hadi shahada ya uzamivu, ilitaka kazi iliyochapishwa, na Asnath sasa hakuwa nayo. Alilia kuliko alivyolia kwenye msiba wa baba yake, maana baba alikufa tu, hakumsaliti.

Kisha ikaja barua, kwa mwandiko alioujua tangu darasani. Mtaalamu mmoja wa nje alikuwa amemuuliza Oswald mbele za watu: pale katikati, mbona viungo viwili vinavyopenda maji vimefichwa ndani? Sasa mkutano mwingine unakuja.

"Nisitiri, mwanangu. Vile viwili vya buluu niviteteeje?"

Asnath aliutazama mfano wake, bado unaning'inia kwenye boriti. Akacheka, kisha hasira ikarudi palepale. Akachukua kalamu, akajibu:

"Shikamoo Mwalimu. Ndala nyeupe zilikuwa zimeniishia."