Kuuzunguka Uwanda kwa Mguu Mmoja na Nusu

Mguu wangu wa kulia ulidumaa tangu homa iliyonipata utotoni, na Kikwajuni, mjini Unguja, nilikokulia hapakuwa na mwanamke aliyenipita mlangoni bila ya kusema "masikini." Neno hilo nililichukia kuliko mguu wenyewe.

Katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa msichana mkubwa tayari, skuli zilifungwa nikapelekwa kwa mjomba wangu Makunduchi. Nyuma ya kijiji chake ndipo uwanda unapoanzia: nchi ya mawe ya matumbawe makali kama vigae, udongo haba, vichaka vya mkwamba kila upande. Njia moja inaukata uwanda huo, inateremka kwenye korongo, inatokea kwenye majabali ya pwani, kisha inazunguka kurudi kijijini. Wanawake waendao kukata ukindu wa kusukia mikeka waliimaliza kabla ya adhuhuri.

"Kesho nami nnakwenda uwandani," nilisema tukila.

Mjomba alicheka, wala si kwa ubaya. "Wewe? Huko hata mbuzi hujikwaa. Kaa na mkazamjomba wako usuke ukili."

"Nshakaa sana, mjomba."

Alidhani yamekwisha. Asubuhi, yeye yuko msikitini, nilimwita binti yake, ambaye ni rika langu, nikajifunga kanga kiunoni, tukatoka.

Makubadhi yangu yalikatika mapema. Niliyatupa, nikazungushia nyayo vitambaa. Mguu mbovu niliuweka upande upande, nikishika mawe kwa mikono, na mikono ikachanika. Paa aliruka mbele yetu akapotea kichakani. Miguu yake myembamba haikugusa mawe, nikamwonea wivu.

Korongoni kulikuwa na baridi na harufu ya popo. Mizizi ilining'inia kutoka juu kama kamba. Niliteremka kwa makalio, sikuona haya. Chini tulikutana na wanaume wawili wenye mizigo ya kuni. Mmoja akamwambia mwenzangu, "Mbebe huyo, au tukubebee sisi."

"Atakayenigusa nampiga jiwe," nikasema.

Wakacheka. Kisha wakaona jiwe nnalo kweli, wakapita zao.

Kupanda ng'ambo ya pili ndiko kulikonitoa machozi. Mara mbili nilifika nusu nikaporomoka, magoti yakabaki bila ngozi.

"Turudi," akasema binti wa mjomba. "Nani atajua?"

"Rudi wewe."

Hakurudi. Alikaa juu ya jiwe akanitazama, na namshukuru mpaka leo kwamba hakuninyooshea mkono. Mara hii nilipanda kwa viwiko, tumbo limelalia mwamba, nikiutukana mwamba huo kwa maneno ambayo mama yangu hakujua kuwa nnayajua. Nikatoka juu.

Mbele yetu bahari ilipiga chini ya majabali, na kila wimbi lilirusha maji juu kupitia matundu ya mawe, yakatumwagikia usoni. Chumvi ilinichoma kila palipochanika. Nikacheka kwa sauti, mwenzangu akadhani nimepata wazimu.

Tulifika kijijini jua limeshapinduka. Mjomba alikuwa barazani.

"Nani kakubeba?"

"Hapana aliyenibeba."

Akamgeukia binti yake.

"Wallahi, baba, hata mkono hakunipa."

Alinitazama magoti, akaingia ndani. Mkazamjomba aliniosha kwa maji ya vuguvugu. Hakunisifu, hakunigombeza, ila sahani yangu ndiyo iliyopata kipande kikubwa cha samaki.

Vidonda vilipokauka sikungoja mtu atoke. Nilimpita mjomba barazani mchana kweupe.

"Shikamoo, mjomba. Nnakwenda uwandani."

"Marahaba," akasema, macho chini.

Safari hiyo nilianzia upande wa majabali. Nilitaka kujua korongo lile litanifanya nini nikilijia kwa nyuma.