Ngozi ya Ngoma ya Amani

Leo shuleni kwa mwanangu wanapasha ngoma moto ili ngozi zikaze, na harufu ile imenipandisha hasira.

Nilikuwa mdogo. Uwanja wa Mazingara ulijaa vumbi na watu: tamasha la amani, wakulima na sisi wafugaji tuimbe pamoja. Yeyo, mama yangu, alivaa shanga zake zote. Kabla ya hapo ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amekatwa mapanga kwenye shamba la mahindi, nyama ikaliwa. Ngozi hatukuiona.

Ngoma kubwa ikaletwa motoni. Yeyo akaisogelea, akagusa manyoya mekundu yaliyobaki pembeni, kisha chapa yetu, ile aliyoichoma baba kwa mkono wake.

"Huyu ni ng'ombe wangu," akasema.

Mpiga ngoma akatazama chini. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti: "Mama, tafadhali, usituharibie amani."

Watu wakapiga makofi. Makofi!

Ngoma ikaanza kulia. Yeyo hakurudi kukaa. Alisimama pale pale, shanga zikimtetemeka shingoni, akimsikiliza ng'ombe wake akipigwa tena.