Mama Anaumwa Kidogo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Simu ikiita kabla jua halijapanda, naona ni msiba tu. Wenzangu tunaoshona nao nguo hapa sokoni Biharamulo wananitania: "Pokea, haing'ati!" Naiacha iite. Namaliza mshono kwanza, nakunywa maji, ndipo napokea. Hiyo ndiyo dawa yangu ya hofu, na siku nyingine inasaidia.

Kwetu Mabawe mtu haambiwi kifo kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Wanakuficha ili usije ukaanguka njiani. Baba alipofariki niliambiwa hivyo hivyo, na mimi bila akili nikanunua machungwa ya mgonjwa. Nilifika nyumbani nimekumbatia mfuko wa machungwa, nikakuta turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa chini yake kimya. Tangu siku ile simwamini tena mtu kwenye simu.

Basi mwaka jana, wakati wa kuvuna maharage, mdogo wangu wa kiume anayeishi na mama akapiga saa moja asubuhi.

"Dada, mama anaumwa kidogo. Ungekuja."

"Mpe simu niongee naye."

"Amelala."

Amelala! Mama yangu, anayeamka kabla ya kuku, amelala saa moja? Sikuuliza tena. Nikafunga begi: kanga mbili na kitambaa cheusi cha kichwa. Jirani yangu wa cherehani alikiona tu kile kitambaa akajua. "Jikaze," aliniambia, naye machozi yanamtoka.

Ndani ya basi sikulia. Niliogopa kwamba nikianza sitaweza kuacha. Tulipoingia porini nikawa nahesabu nguzo za umeme. Nikipoteza hesabu naanza upya. Pumua, hesabu, pumua. Abiria wa kando yangu alinipa karanga, nikazishika kiganjani mpaka zikalowa jasho.

Ngara mjini nilifika saa nane. Dereva wa bodaboda akaniwahi. "Mama, Mabawe? Panda twende." Nikamwambia asubiri, nikaenda kukaa kwa mama ntilie, nikaagiza chai ambayo sikuinywa. Nilijua vizuri ninachofanya. Nikiwa sijafika, mama bado yupo. Kila pikipiki iliyoondoka bila mimi ilimwongezea mama dakika chache za kuishi. Ujinga, najua! Lakini nilikaa pale mpaka saa kumi, chai imepoa mbele yangu, hadi yule mama ntilie akaniuliza kama naumwa. Kwa aibu nikainuka.

Pikipiki ilipokunja kona ya mwisho, penye migomba yetu, niliona kitu cha bluu katikati ya majani. Turubai. Na wanawake saba au wanane uani, wamejifunga kanga viunoni. Nikamwambia dereva anishushe pale pale.

Mwanamke wa kwetu haingii msibani kimya. Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili waliomo wajue umefika. Nikafungua mdomo, na kilio chote nilichokibana tangu asubuhi kikatoka.

"Mama yangu weee! Mama, umeniacha na nani!"

Nilipita kwenye migomba nikilia, kitambaa cheusi kichwani. Wale wanawake waliinuka wote. Wawili wakaitikia, wakashika vichwa, wakalia hata kunizidi mimi. Walidhani mgonjwa amekata roho ndani sasa hivi na mimi nimepata habari kabla yao.

Nilipofika uani ndipo nikaona. Turubai lilikuwa limetandikwa chini, na juu yake maharage ya mama. Majirani walikuja kumsaidia kuyapiga kwa sababu yeye yuko kitandani.

Mdogo wangu alitoka mbio. "Dada, nyamaza! Nyamaza jamani! Mama yuko hai!"

Nilifurahi, tena sana, kwa muda wa kuvuka uwanja tu. Kisha nikaingia ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameshika shuka kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa nyoka jikoni kwa mwiko. Sikuwahi kumwona anaogopa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Zahanati wamekwambia nini?" aliniuliza.

"Hawajaniambia kitu, mama. Nimekosea. Nilidhani..."

"Mmenificha nini?" Alimtazama mdogo wangu aliyesimama mlangoni, akanirudia mimi. "Nimekusikia kwa masikio yangu ukinililia. Usingenililia vile kama hujui kitu."

Mdogo wangu aliapa mbele ya Mungu kwamba ni malaria, dozi ameshaanza, na kwamba asubuhi alikuwa amelala kweli kwa sababu alikesha na homa usiku mzima. Mama alimsikiliza bila kupepesa macho. Mdogo wangu akanivuta kando, akaninong'oneza kwa hasira kwamba mchana mama alimaliza bakuli zima la uji, na alikuwa akiwagombeza wale wanawake kupitia dirishani, wasiyavunjevunje maharage yake.

Sasa uji hakuutaka tena. Aliniagiza nivute sanduku lililo chini ya kitanda, nitoe kitenge alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya maziko yake, nikiweke mahali watakapokiona upesi. Nilikitoa. Ningefanyaje? Nikakiweka juu ya kiti, nikaketi kando yake. Nje hakuna aliyerudi kupiga maharage.

"Utapona, mama," nilimwambia. "Nakuapia, ni malaria tu."

"Wagonjwa wote ndivyo tunavyowaambia," alisema, akanishika mkono, macho yake kwenye kile kitenge.