Rais Ukutani kwa Bi Merle

Juzi gazetini niliona picha ya jaji wa Karibea aliyekuja kuwa rais, nikakumbuka sebule ya Bi Merle, jirani yetu wa mtaa wa Lozells kule ughaibuni, iliyonukia tangawizi. Picha ya jaji huyohuyo ilining'inia ukutani. Baba alikataa kuketi chini yake, nami nikadhani anaogopa lile wigi jeupe la kijaji alilovaa pichani. Sikujua bado kwamba Kongo, alikotoka, picha ya rais ilitundikwa kwa amri.

"Siketi chini ya rais yeyote," alisema.

"Huyu wa kwetu hana hata jeshi, jirani. Anatia saini na kufungua shule."

"Nani alikulazimisha kumtundika?"

"Anilazimishe nani? Msumari wangu, nyundo yangu! Akinikera namshusha."

"Mshushe."

Bi Merle akamshusha, akamlaza kifudifudi kabatini. Hakuna aliyekuja kubisha mlango. Baba akaketi, akaomba chai.