Kofia Iliyofungiwa Ndani

Siku ya nne baada ya kumzika mkewe Phelesia, Zadock alimkuta Roselyn, mjane wa ndugu yake, akimnyoa Filister. Alichelewa. Kichwa cha bintiye kilikuwa cheupe kama yai.

"Huyu si wa kunyolewa!"

"Amefiwa na mama, shemeji. Sote tumenyolewa. Yeye ni nani?"

Yeye ni nani! Filister alizaliwa na ngozi isiyo na rangi. Miaka ishirini na miwili Phelesia alimkinga na jua: nguo za mikono mirefu, leso shingoni, omena, wale dagaa wa ziwani, waanikwe alfajiri, kisha ndani. Na kofia pana aliyoisuka kwa ukindu wa soko la Suna. Sasa kofia ilikuwa katika nyumba ya marehemu, na Roselyn alikuwa ametia kufuli. Vitu vya marehemu havitoki mpaka siku ya kugawa.

"Kofia ni ya mtoto."

"Phelesia aliivaa kwenda kanisani. Ngoja."

Zadock akangoja. Hilo ndilo lililomkera baadaye kuliko yote.

Siku ya saba kulikuwa na mawingu. Filister akateremka ufuoni na omena wake, leso kichwani.

"Jua liko wapi leo, baba?"

"Lipo. Mama yako alikwambia mara ngapi? Na yale maji yanakurushia mwanga usoni."

"Omena wataoza."

Akaenda. Upepo ukachukua leso, naye hakurudi nyumbani kutafuta nyingine. Alirudi alasiri, utosi na masikio mekundu, yamevimba. Jioni yakatoka malengelenge. Mwili ukawaka huku meno yakigongana kwa baridi. Akatapika.

Roselyn akaja na kibuyu cha samli.

"Weka chini hiyo," Zadock alisema.

"Nampaka apoe!"

"Samli ni ya kukaangia. Bado hajaiva?"

Filister akacheka, na kucheka kukamuuma, akalia. Zadock akalowesha shuka kwa maji ya mtungi, akamfunika. Akamnywesha maji kidogo kidogo. Malengelenge hakuyagusa. Aliwahi kumwona Phelesia akifanya hivyo, Filister akiwa mdogo.

Kabla ya mapambazuko akampakia kwenye baiskeli hadi zahanati ya misheni. Dresa, mhudumu wa vidonda, akamfunga bandeji kichwani.

"Umefanya vizuri kumleta, mzee. Homa na kutapika si mchezo. Ngozi hii ikiungua kila mara, huota kidonda kisichopona. Nimewazika wawili. Hana kofia?"

Zadock akampakia tena kwenye baiskeli.

Alipofika nyumbani alichukua shoka.

"Shemeji! Utaleta mkosi bomani!"

"Mkosi ninao tayari. Umelala kifudifudi kwa sababu kichwa hakiguswi."

Kufuli ikaanguka kwa pigo la tatu. Mlangoni akasimama. Hakuwa ameingia humo tangu mazishi. Kofia ilining'inia kwenye msumari, ukingo umechakaa pale Phelesia alipozoea kuishika. Akaishika palepale.

Akampelekea Filister.

"Vaa."

"Si ya mama, baba?"

"Kichwa cha mama yako kilikuwa kidogo. Angejisukia pana hivi?"

Ikakaa juu ya bandeji, ikamfunika mpaka mabegani. Roselyn alisimama nje, kufuli iliyovunjika mkononi.

"Na siku ya mawingu?" Filister akauliza.

"Siku ya mawingu," Zadock akasema, "unavaa vilevile. Omena nitaanika mimi."