Selo Mbele ya Baba Mkwe

Nilianza kujifunza selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, na kwa miezi mingi nyumba yetu ya Gatongora ilitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Majirani walivumilia. Mwalimu wangu, mjane wa Thika anayepiga fidla, alivumilia zaidi, na siku aliponikaribisha katika kundi lao la watu wanne nilikaribia kulia. Fidla mbili, viola moja na mimi. Tulikutana Jumamosi sebuleni kwa yule wa viola, kule Membley. Tulipiga, tukakosea, tukanywa chai, tukarudia. Sijui raha inayopita ile ya kushikilia sauti ya chini huku wenzako wakitembea juu yake bila wasiwasi.

Mwaka huu tukakubali kupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa kanisa Thika, Jumapili mchana. Katikati ya muziki wenyewe pana mahali ambapo wengine wananyamaza na selo inaimba peke yake. Mwalimu aliuchagua kwa ajili yangu. Nilifanya mazoezi ya sehemu ile hadi watoto wakawa wanaiimba wakioga.

Asubuhi ya siku hiyo mume wangu akaniambia baba yake atakuja. Mzee alikuwa ametoka Vihiga, akafikia Mwihoko kwa shemeji yangu ambaye hajaoa, maana kwetu baba mkwe halali nyumba moja na mke wa mwanawe. Simpi mkono, simtazami usoni, na nikiketi mbele yake miguu yangu hubanana yenyewe. Sasa selo hushikwa kwa magoti, na magoti sharti yaachane. Fikiria mwenyewe.

"Mzee anajua ni muziki tu," mume wangu alisema. "Wewe piga."

Rahisi kwake, yeye si mke wa mtu.

Niliingia ukumbini macho yakiwa sakafuni. Sketi yangu ilikuwa pana na ndefu, ingenisitiri vizuri tu, lakini nikaketi upande, miguu yote kushoto, kama abiria wa bodaboda aliyevaa sketi ya kubana. Mwalimu aliniangalia kwa mshangao, ila upinde wake ulikuwa umeshainuka.

Bila goti la kulia kuishika, selo iligeuka kila nilipovuta upinde. Nikakosa sauti, nikapoteza hesabu. Wenzangu wakanisubiri, kisha wakaendelea bila mimi. Tulipofika mahali pangu walinyamaza kama tulivyozoea, wakaniachia. Nikatoa mkwaruzo, kisha mwingine. Mwalimu akauchukua wimbo wangu kwa fidla yake na kuumalizia. Watu walipiga makofi ya huruma, na hayo mtu huyajua akiyasikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Katika chumba cha nyuma, nikiifunga selo, mwalimu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa mgonjwa. Wale wengine wawili wakawa wanafuta vyombo vyao ambavyo vilikuwa safi. Nikamwambia ukweli, kwamba baba mkwe alikuwa ukumbini, na kwamba mimi siwezi kukaa vile mbele yake. Yeye ni Mkikuyu, nikajiandaa kumweleza mila zetu kutoka mwanzo.

"Ni ule mzee wa kofia, nyuma kabisa?" aliuliza. "Hata mimi nilishangaa. Kabla tuanze aligeuza kiti, akaangalia ukuta."

Nilikaa juu ya sanduku la selo. Mzee alikuwa amelifikiria jambo lile kabla yangu, akalimaliza kimya kimya. Mimi sikuinua macho hata mara moja, kwa hiyo sikujua. Aibu ya ukumbini niliweza kuitafutia kisingizio. Hii ya sasa ilinichoma hasa, na wenzangu walikuwa wamefedheheka bure.

Mimi na mume wangu tulimkuta mzee nje, langoni, ametazama barabara. Nilisimama kando kama inavyotakiwa, hatua chache tu. Akamwambia mume wangu bila kugeuka:

"Mwambie mama watoto, ile sehemu nzuri leo sijaisikia. Ile huwa naisikia akifanya mazoezi, nikikupigia simu."

Mume wangu akanigeukia kunipa ujumbe ambao nilikuwa nimeshausikia. Akasubiri nimpe jibu la kumpelekea baba yake.