Nilipika Kadi za Kompyuta Katika Tanuri la Mkate la Dada Yangu

Mimi ndiye niliyeharibu ule mkate wa Mbugangari, mtaa wetu hapa Gisenyi. Ninyi mliosema unanuka plastiki, mlisema kweli. Nilisimama mlangoni nikawaambia pua zenu ni mbovu, na mkaondoka mmeinamisha vichwa kana kwamba ninyi ndio mlionikosea. Mbovu nilikuwa mimi!

Jina langu sitalitaja. Dada yangu amenikataza kulitia jina la baba kwenye uchafu huu, na ana haki. Yeye nitamwita Yaya, maana sisi tuliozaliwa Goma ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Nina miaka arobaini na kitu. Nilipomaliza sekondari niliondoka nyumbani, na tangu hapo sijui kutulia. Nikiwa Kigoma nililia Goma. Nikiwa Mwanza nilisifia Kigoma. Nikafika Kampala, nikawa naota mkate wa baba uliookwa juu ya mawe. Mtu wa hivyo hufaa kwa hadithi tu. Kwa kuishi naye ni mzigo.

Kampala ndiko nilikojifunza kazi. Unachukua kompyuta kuukuu ya ofisi, ile waliyoitupa huko Ulaya, unaipangusa, unaiongezea ramu ya kumbukumbu, unaitia kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora picha za gemu. Mtu asiyeweza kununua mpya anapata mashine inayocheza vizuri. Ni kazi ya heshima. Nimeona watu wakiifanya kwa heshima. Mimi sikuwa mmoja wao.

Nilirudi Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, nikakaribishwa na Yaya, nikaweka meza yangu kwenye chumba cha mbele, kando ya pale anapouzia mkate. Sikushukuru. Niliutazama mji huu nikaona kijiji kilichopewa ziwa kwa bahati. Kila aliyeingia nilimwona mshamba. Anayeuliza maswali ni mshamba mbishi, asiyeuliza ni mshamba kamili.

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Kadi za grafiki za zamani zina ugonjwa wake. Risasi ya kulehemu inayoshikilia vile vipande vidogo hupasuka kwa joto la miaka mingi, na kadi inakufa. Ukiipeleka kwenye joto la kiasi fulani kwa dakika chache, risasi inalegea, inashikana tena, na kadi inafufuka. Inafufuka kwa wiki tatu. Ikibahatika, miezi miwili. Kila fundi anajua kwamba kadi iliyopikwa ni maiti inayokohoa, na fundi mwenye haya haiuzi.

Kule Goma niliweza kuzipata kadi zilizokufa kwa bei ya kutupa. Na nyuma ya nyumba ya Yaya kulikuwa na tanuri.

Tanuri hilo alilijenga baba tuliporudi kutoka Kongo. Mawe yake ni yale meusi ya volkano, aliyasukuma mwenyewe kwa chukudu, lile baiskeli la mbao la Goma, safari baada ya safari, mpaka watu wa mpakani wakamwona kichaa. Alisema mkate bila mawe hayo ni keki ya wagonjwa. Alipofariki, Yaya aliendelea. Moto wake haukuwahi kulala zaidi ya siku moja.

Yaya alioka alfajiri. Mchana alijitwika beseni akaenda kuwauzia akina mama wanaovuka kwenda Goma. Tanuri lilibaki na joto lile lile ninalolihitaji. Joto la bure! Na mimi nilijua kulipima, maana baba alitufundisha wote wawili: unarusha unga kidogo wa ngano juu ya jiwe, unahesabu polepole. Ukigeuka kahawia kabla ya kumi, moto ni mkali. Ukifika kumi na tano, ingiza mkate.

Basi nikarusha unga wa baba yangu, nikahesabu hesabu ya baba yangu, nikaingiza takataka.

Kadi niliivua feni kwanza, nikailaza palepale juu ya unga. Moshi wake ni mwembamba, wa rangi ya maziwa yaliyochujwa, na unakamata koo. Niliufungia mlango wa tanuri ili jirani asione. Ndiyo, niliufungia ndani!

Nilifanya hivyo mara saba.

Kadi ya saba nilimuuzia mtumishi mmoja wa ofisi, mtu mpole mwenye tumbo na miwani, anayekuja kila asubuhi kununua mkate wa Yaya kabla ya kazi. Nilimbatiza Bwana Ofisi. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu ili acheze gemu za mpira baada ya kazi, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena kuucheza uwanjani.

“Sha, hii itacheza bila kukwama?” aliniuliza, kwa lile “sha” la kuitana marafiki.

“Bwana, hii utazeeka wewe, yenyewe bado inakimbia.”

Akacheka. Alipotoka, na mimi nikacheka. Vicheko viwili tofauti.

Wakati huo mkate ulikuwa umeshaanza kusemwa. Mama mmoja wa Rugerero alirudisha kipande chake mbele ya watu. “Yaya, mukate yako iko nanuka kama ndoo yenye imeungua.”

Yaya alinusa, uso ukambadilika. Akafikiria kuni. Kuni zake alikuwa akiletewa na mzee mmoja wa Kanama, kwa baiskeli, tangu enzi za baba. Akamwita. Mzee akasimama pale ameshika kofia.

“Mama, mi nakataka mukaratusi. Plastiki haiotaki mu shamba yangu.”

Yaya alisitasita. Na mimi, nimekaa kwenye kiti, mkate mdomoni, nikasema: “Hawa watu wa milimani huchanganya chochote, mradi baiskeli ijae.”

Mate yangu mwenyewe yananichukiza nikikumbuka. Yule mzee alinitazama. Alivaa kofia, akageuza baiskeli ikiwa na mzigo wake, akaanza kupandisha kilima. Yaya akatafuta kuni kwingine. Harufu ikabaki.

Wiki tatu zikapita, Bwana Ofisi akarudi na mashine mabegani.

“Ilianza kuchora mistari mistari,” alisema, “halafu giza.”

“Umeme wa kwako ni wa namna gani? Mnachomeka pasi na kompyuta pamoja?”

“Pasi yetu ni ya makaa.”

Waliokuwa wakisubiri mkate wakacheka, na nikakasirika kwa sababu hawakumcheka yeye. Nikamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia: “Bwana, kompyuta haitaki vidole vya kulima. Umeiua mwenyewe. Hapa hakuna kliniki ya wazembe.”

Alipanga miwani yake vizuri, akasema “Bon,” kama mtu anayesema haya basi, akabeba mashine yake akaondoka. Nilijiona mshindi. Ebo! Mshindi wa nini?

Kumbe aliipeleka Goma kwa fundi mwingine, mwanamke mmoja ambaye mimi nilikuwa nikimwita “mpiga pasi” kila anapotajwa, kwa sababu tu ni mwanamke na anashika kifaa cha kulehemu. Huyo mpiga pasi aliifungua kadi, akatoa ile feni na chuma cha kupoozea, kitu ambacho wengi hawajisumbui nacho. Chini yake, kuzunguka kile kipande kikubwa cha katikati, akakuta ukoko wa kahawia. Akaukwangua. Akaunusa. Akaweka ncha ya ulimi, akatema.

Unga wa ngano uliookwa.

Asubuhi iliyofuata Bwana Ofisi alikuja na kadi ndani ya bahasha ya kaki. Hakuja kwangu. Alipita meza yangu kama mtu anavyopita jiwe, akasimama kwenye foleni ya mkate, akasubiri zamu yake nyuma ya akina mama wanne.

“Yaya, unisamehe,” alisema. “Niko nauliza tu. Fundi wa Goma anasema hii kadi ilipikwa mu tanuri ya mukate. Anasema iko na sumu, ile risasi na ile plastiki. Mi nakulaka mukate yako kila siku, na watoto pia. Donc ndiyo maana nimekuja kuuliza.”

Yaya alifuta mikono, akaichukua kadi. Hakujua hata ni ya kushikwa upande gani. Aliisogeza puani.

Niliona pale pale alipoitambua. Ndiyo ile harufu aliyokuwa akiitafuta kwenye kuni, kwenye unga, kwenye chumvi, hata kwenye nguo zake mwenyewe.

“Ni we?” aliniuliza.

Nami nikasema nini? Nilisema: “Yaya, unamsikiliza huyu? Anajua nini huyu, mtu wa kugonga mihuri?”

“Sikuuliza yeye anajua nini. Nimeuliza ni we?”

Foleni yote ilinigeukia. Nikasema ndiyo.

“Mara ngapi?”

“Saba.”

“Na mzee wa Kanama?”

Nikainamia meza yangu. Yampaye inka, kama waapavyo hapa! Ningekuwa na pa kuingia ningeingia.

Nilitegemea anipige. Aliwageukia wale akina mama, akawaomba mikate aliyokwisha kuwapa. Mmoja alikataa. “Yaya, mi tumbo yangu ni ya muzoefu, imekula mabaya kuliko haya.” Yaya alimnyang'anya mkononi, akamrudishia hela yake, na mkate wote wa siku ile akaufukia nyuma ya nyumba, hakuwapa hata kuku.

Tanuri likalala siku ya kwanza. Likalala ya pili. Siku ya tatu aliliwasha tupu, bila mkate, akasimama mbele yake mpaka likashika joto. Harufu ikatoka. Akaliwasha tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Ikatoka tu.

Nikamwambia, “Tutaliosha, Yaya. Kwa sabuni, kwa siki, kwa chochote.”

“Jiwe ya volkano unaioshaka namna gani? Angalia.” Akanishika kichwa, akakisukuma mlangoni mwa tanuri kama cha mtoto. “Ni matundu tupu. Ilikunywa yote. Papa alikuwa anasema hii jiwe inakumbuka kila mukate. Sasa inakumbuka yako.”

Kisha akaenda kuazima nyundo.

Nilimwomba. Nilipiga magoti, mimi niliyekuwa nikiringa. Nilimwambia hilo ndilo peke yake baba alilotuachia. Ndipo aliponijibu maneno ambayo siwezi kuyatoa kichwani: “Nalijua. We ulikuwa unalililia uko Kampala. Mi nilikuwa nalipangusa.”

Alilivunja kuanzia juu. Kila jiwe lililoanguka alisema neno moja: “Beba.” Nami nikabeba. Nilibeba mpaka mabega yakachubuka, na kila jiwe nililijua. Lile lenye ubapa, baba alikuwa akiwekea chai yake pale. Lile lenye ufa, ni mimi niliyelidondosha utotoni tukijenga, na hakunigombeza.

Baada ya hapo alinituma Kanama kwa miguu. Nilimkuta mzee wa kuni kwenye shamba lake la viazi. Nilimweleza yote. Nilidhani atanitukana, nikawa nimejiandaa, maana kutukanwa kungenisaidia. Aliendelea kupalilia.

“Nilijua kuni yangu haina kosa,” alisema. “Lakini nani anamusikilizaka mutu wa kuni? Enda, we mutoto wa mwokaji. Usikanyage viazi.”

Wale saba niliowauzia nimewatafuta. Watano nimewapata, kila mmoja nimempa kadi nzima, iliyojaribiwa mbele yake. Wawili walishahama. Bwana Ofisi sasa anacheza mpira wake, lakini mashine yake anaitengenezesha kwa mwanamke wa Goma. Tukikutana njiani hunisalimia kwa adabu kamili. Adabu yake ni mbaya kuliko tusi.

Yaya haoki tena. Anauza mkate wa kiwanda, ule wa kufungwa kwenye mfuko, mweupe, mlaini kama sifongo. Yeye mwenyewe haugusi. Ningali nakaa kwake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu miguu hainiwashi kuondoka, kwa sababu ninajua nikiondoka nitaanza kulisifia tanuri lile kwa watu wasionijua, na nitakuwa mwongo tena.

Sasa ninyi mafundi wenzangu wa Goma, wa Gisenyi, wa popote, mnaopika kadi na kuziuza kama nzima: msinidanganye kwamba wateja hawajui kitu. Mimi nilikuwa napika chakula chao wote na sumu yangu kwenye moto mmoja, na bado nikajiita mjanja. Mteja unayemdharau ndiye atakayekwangua ukoko wako. Ukiwa na kadi mfu, sema imekufa. Na kama huna tanuri lako mwenyewe, acha la mwenzio! Hujui limejengwa kwa nini.

Jiwe moja, lile bapa, nimeliweka mlangoni pa chumba cha mbele, kando ya meza yangu, kuzuia mlango usijifunge. Adhuhuri jua likilipiga, linaanza kunuka. Wateja huuliza ni nini kinachonuka plastiki. Zamani ningewaambia pua zenu ni mbovu. Siku hizi nawaonyesha jiwe, nawaambia ni mimi.